Kanumba na Majina ya Kizungu

Ukiyasoma majina ya sinema za marehemu Steven Kanumba bila ya kuzitazama sinema zenyewe, utadhani ni kazi za mtu wa Lagos au wa London. Oprah. The Lost Twins. This Is It. Uncle JJ. Moses. Devil's Kingdom. Crazy Love. Family Tears. Village Pastor. Orodha ni ndefu, na zenye jina la Kiswahili humo, kama vile Kijiji cha Tambua Haki na Ndoa Yangu, ni za kutafutwa kwa kurunzi. Lakini tia yoyote katika mashine, kaa kitako, na dakika ya kwanza tu utamsikia kijana wa Kisukuma, mzaliwa wa Shinyanga, akisema Kiswahili laini cha Dar es Salaam. Kiswahili ambacho bibi wa hapa kwetu Ganjoni asiyejua Kizungu hata cha kuombea maji anakifuata tangu mwanzo hadi mwisho, akalia panapoliwa na akalaani panapolaaniwa.

Jambo hili limenishughulisha miaka mingi. Mtu anaandika mlangoni kwa lugha ya wageni, na ukiingia ndani unapokewa kwa lugha ya nyumbani. Nimeona leo niyasimulie maisha yake, maana kumekua kizazi ambacho kinamjua kwa picha za kwenye simu tu, na kinachokumbuka zaidi ni namna alivyokufa kuliko alivyofanya kazi.

Alizaliwa tarehe 8 Januari 1984 mkoani Shinyanga, mtoto wa Charles Kanumba na Flora Mtegoa. Shule ya msingi alisoma Bugoyi, huko huko Shinyanga; kisha akaenda sekondari ya Mwadui, pale penye machimbo ya almasi; halafu akahamia Dar es Salaam katika Dar Christian Seminary, na kidato cha sita akakimaliza Jitegemee. Ninayataja majina haya ya shule kwa sababu yana maana yake. Huyu hakuwa mtu aliyekimbia shule akaangukia mchezo. Alisoma mpaka kidato cha sita, na Kiingereza alikisoma darasani kama wanavyokisoma watoto wengine wa Tanzania, yaani katika nchi ambako mtoto anafundishwa kwa Kiswahili miaka yote ya shule ya msingi, kisha akifika sekondari anageuziwa lugha ghafla, kama abiria anayeambiwa ashuke katikati ya mto.

Tukumbuke pia hali ya televisheni ilivyokuwa wakati huo. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973, wakati sehemu kubwa ya Afrika hii yetu ilikuwa haijaiona hata hiyo ya rangi moja. Hapa Kenya tulikuwa na yetu tangu mapema ya miaka ya 60. Lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Maana yake ni kuwa Kanumba alikuwa mtoto wa miaka kumi wakati nchi yake ya bara ilipoanza kujitazama katika kioo hicho. Kizazi chake ndicho cha kwanza kukua na tamaa ya kuonekana humo.

Vituo vile vipya vilihitaji michezo ya kuigiza, na michezo ililetwa na vikundi vya sanaa. Kimojawapo kilikuwa Kaole Sanaa Group, kilichojipa jina la ule mji mkongwe wa magofu karibu na Bagamoyo. Mpwani yeyote akilisikia jina Kaole anakumbuka misikiti ya kale na makaburi ya mawe yenye nguzo. Watanzania wa mwanzo wa karne hii wanakumbuka sebule zao saa za jioni, kila mtu ametulia kwenye mkeka na kiti, ITV imefunguliwa. Kanumba alijiunga na Kaole mwaka 2002, akiwa na miaka 18, na umaarufu wake unaanza hapo. Alionekana katika Jahazi na katika Dira, na baadaye katika michezo mingine iliyofuatana, kama Zizimo, Tufani, Gharika na Baragumu.

Msomaji atazame majina hayo tena. Jahazi, Dira, Tufani, Gharika. Hayo ni maneno ya baharini na ya masaibu, maneno ambayo shairi la kale la pwani lingeyakaribisha bila kuulizana pasi. Kijana huyu wa bara alilelewa kisanaa katika mchezo wenye jina la chombo cha tanga. Kwa hiyo mtu asije akasema kwamba Kiswahili kilikosa maneno ya kumpa. Alikuwa nayo tangu mwanzo, na alipotoka pale akayaacha.

Kwa nini aliyaacha? Hapa lazima tuseme habari ya biashara, kwani sanaa hii ni ya sokoni. Mnamo mwaka 2003 ilitoka Dar es Salaam sinema iliyoitwa Girlfriend, iliyoongozwa na George Tyson, ambaye asili yake ni hapa kwetu Kenya. Wengi huihesabu kuwa ndiyo iliyofungua mlango wa sinema za kisasa za Tanzania, zile tunazoziita Bongo Movie. Wakati huo huo soko letu lote, kutoka Kigoma mpaka Mombasa, lilikuwa limejaa kanda za Wanigeria. Mtu akitaka picha ya kuliza, ya mchawi, ya mkwe mbaya, alinunua ya Lagos. Wachezaji wa Dar es Salaam waliona kwamba mnunuzi hutazama ganda kwanza, na kwamba ganda lenye maneno ya Kizungu lilikuwa linauzika. Basi wakayavaa maneno hayo kama mtu anavyovaa suti siku ya kwenda kuomba mkopo.

Kanumba alifanya zaidi ya kuiga ganda. Aliondoka Kaole, akawafuata Wanigeria wenyewe. Mwaka 2006 ilikuja Dar to Lagos, ambamo alicheza pamoja na Mercy Johnson. Ikafuata She Is My Sister, pamoja na Nkiru Sylvanus. Na mwaka 2011 akamleta Ramsey Nouah katika Devil's Kingdom. Ni vigumu leo kueleza ukubwa wa jambo lile. Ramsey Nouah alikuwa uso ambao akina mama wetu walikuwa wakiujua kuliko nyuso za mawaziri. Kumwona akisimama sawa kwa sawa na kijana wa Shinyanga ilikuwa ni kama timu ya mtaani kualikwa ikacheze na mabingwa, ikatoka sare.

Katikati ya hayo alitengeneza nyingine nyingi, kwa haraka ambayo mtu wa Ulaya angeiona kuwa wazimu. Kazi hizi zilipigwa kwa siku chache, katika nyumba za kuazima, mara nyingi kwa kamera moja. Hadithi moja ilikatwa vipande viwili ili ziuzwe sidii mbili. Mwenye sinema alimwuzia msambazaji haki zake kwa mkupuo, akapokea fedha zake siku ile, na baada ya hapo sidii zikiuzwa elfu au laki, hazikumhusu tena. Msambazaji naye alilia kwamba wezi wa kunakili walikuwa wakimwibia. Hapa Mombasa nakala za wizi zilijaa kila pembe, na nadhani nyumba nyingi zilizomlilia Kanumba hazikuwahi kumtia mfukoni hata senti moja. Si siri, sote tulinunua.

Alikuwa mchezaji wa namna gani? Mimi si mjuzi wa kamera, lakini najua sauti. Kanumba alikuwa na sauti isiyopanda upesi. Wenzake wengi wa wakati ule, wakikasirika katika mchezo, walipiga makelele kama wapo uwanjani, desturi iliyotoka jukwaani ambako mtu wa nyuma lazima asikie. Yeye alishusha. Akiumizwa na mke au na rafiki, alinyamaza kwanza, akatazama upande, kisha machozi yakatangulia maneno. Wanawake wa hapa mtaani walisema kuwa hakuna mwanamume anayelia vizuri kama Kanumba. Katika Oprah ya mwaka 2008, pamoja na Vincent Kigosi, yule Ray, na Irene Uwoya, alikuwa kijana mtanashati wa mjini. Katika Uncle JJ na This Is It, zote za mwaka 2010, aliwaweka watoto wadogo mbele akakubali yeye awe nyuma yao, na hilo ni jambo gumu, kwani mchezaji hodari huogopa kucheza na mtoto. Mtoto haigizi, mtoto yupo tu, na aliye karibu naye akidanganya kidogo huonekana mara moja. Kwa maoni yangu hapo ndipo alipokuwa bora kuliko katika majumba ya mashetani na mapepo.

Nakumbuka miaka ile hapa Ganjoni. Saa za alasiri, baada ya chakula, ungepita chini ya maghorofa ukasikia sauti ile ile ikitoka madirisha matatu mbalimbali, kila nyumba imefika mahali pake katika hadithi, hivyo kwamba chini mtu alikuwa akiposa, juu yake akifumaniwa, na juu kabisa akizikwa. Shangazi yangu mmoja, Mungu amrehemu, alikuwa akimwita mwanangu. Alikuwa na ugomvi naye kuhusu mambo aliyoyafanya katika sinema moja, na ilipokuja nyingine akawa hataki kumsamehe. Majina ya Kizungu hakuyataja hata siku moja. Alikuwa akisema ile ya mapacha, ile ya mchungaji, ile ya watoto. Na dukani muuzaji alimwelewa, akampa. Kumbe jina la Kizungu lilikuwa la muuzaji na msambazaji. Mwenye kutazama aliipa kila sinema jina lake kwa Kiswahili, bila kuombwa na mtu.

Na si Mombasa peke yake. Sinema hizi zilivuka kwenda Bujumbura, Kigali na mashariki ya Kongo, kila mahali palipo na mtu wa kuelewa Kiswahili. Vitabu vyetu havijafika huko kwa wingi namna hiyo, na mashairi yetu, nasema kwa uchungu, hayakuvuka hata Lunga Lunga.

Sasa nije kwenye jambo lililoniuma. Mwaka 2009 Kanumba alialikwa Afrika Kusini katika ile nyumba ya Big Brother Africa, mchezo wa televisheni uliotazamwa bara zima. Alikwenda kama mgeni, akiwa nyota wa nchi yake. Akasema Kiingereza chake, kile cha mtu aliyejifunza ukubwani. Aliporudi, nchi yake haikumwuliza ameona nini. Ilimcheka. Magazetini na mitandaoni walimkata vipande kwa makosa ya sarufi ya lugha ambayo si ya mama yake wala ya wanaomcheka. Mtu aliyeweza kuwaliza watu kwa Kiswahili katika nchi nne au tano alifanywa mjinga kwa sababu ya kitenzi kimoja kisichokaa sawa.

Mimi naijua aibu hiyo. Nilipokuwa shule ya msingi, katika shule moja ya hapa kisiwani ambayo sitaitaja, kulikuwa na kipande cha ubao chenye kamba. Anayekutwa akisema Kiswahili uwanjani alivishwa shingoni, akakaa nacho mpaka amnase mwenzake. Nilikivaa mara nyingi. Jioni nikitoka hapo nilikwenda chuoni, na mwalimu wetu wa Kurani alikuwa akitufundisha maneno ya Kiarabu ambayo wengi wetu hatukujua maana yake, tukiyahifadhi juzuu kwa juzuu. Lakini alipotaka tuelewe jambo, alilifasiri kwa Kiswahili, polepole, na hakuna aliyevishwa ubao. Kwa hivyo tangu utotoni nilikuwa na waalimu wawili wa lugha za kigeni, mmoja akiniambia lugha yangu ni kosa, mwingine akiitumia kuwa ndiyo ufunguo. Watu waliomcheka Kanumba, wengi wao, walikuwa wamevaa ubao ule utotoni, nao walikuwa wakitafuta shingo nyingine ya kuuvisha.

La kushangaza ni kuwa baada ya kucheka kule, hakuyaacha majina ya Kizungu. Huenda mwingine angeona haya akarudi kwenye Jahazi na Tufani. Yeye aliongeza. Alikuwa amekwisha kuanzisha kampuni yake mwenyewe na kuiita Kanumba The Great. Wapo walioona ni majivuno. Mimi naona ni mtu aliyekataa kuambiwa kuwa mlango fulani si wake, ijapokuwa sikubaliani naye kuhusu mlango wenyewe. Nadhani alikosea kuwaza kwamba ni Kizungu kilichokuwa kikimfikisha mbali. Lakini aliyekosea kwa kuthubutu simhesabu pamoja na aliyekaa kivulini akicheka.

Kuhusu maisha yake ya nyumbani nitasema machache. Hakuwahi kuoa. Alikuwa Mkristo. Alikuwa karibu sana na mama yake, na baada ya kifo chake ni mama huyo aliyeonekana mara kwa mara akilibeba jina la mwanawe. Yaliyosemwa juu ya mapenzi yake yalikuwa mengi, na magazeti ya udaku yaliishi kwa kuyasema. Mimi sikuyafuata wakati ule na sitayafuata leo.

Usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 7 Aprili 2012, siku za Pasaka, alikuwa nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam. Pamoja naye alikuwamo msichana mwigizaji mwenzake. Walizozana, Kanumba akaanguka, akaumia kichwani. Alifikishwa Hospitali ya Muhimbili akiwa amekwisha kufa. Uchunguzi ulisema ubongo ulipata mtikisiko. Alikuwa na miaka 28. Kesi ilichukua zaidi ya miaka mitano, na mwezi wa Novemba 2017 Mahakama Kuu ilimtia msichana yule hatiani kwa kuua bila kukusudia, ikamhukumu miaka miwili. Alitoka gerezani mwaka uliofuata. Jina lake kila mtu analijua, nami siliandiki hapa kwa sababu deni lililoamuliwa na mahakama likalipwa halidaiwi tena gazetini.

Habari ilipofika Mombasa asubuhi ile, wengi hawakuamini. Walimwona akifa mara nyingi mno, na kila mara alifufuka katika sidii iliyofuata. Huko Dar es Salaam Rais Jakaya Kikwete alikwenda nyumbani kuhani. Jumanne tarehe 10 Aprili watu walijaa viwanja vya Leaders, wakazimia kwa makumi, na inakadiriwa kuwa zaidi ya elfu 30 walimsindikiza mpaka makaburi ya Kinondoni. Wapo wanasiasa wakubwa ambao hawakuzikwa hivyo. Hapa kwetu kulikuwa na nyumba za Waislamu zilizokaa kimya mchana kutwa kwa ajili ya Mkristo wa Kisukuma ambaye hawakuwahi kupeana naye mkono, na sikumsikia mtu akiuliza ni kwa nini.

Baada yake soko la sidii lilififia. Wengine husema lilikufa pamoja naye, lakini huko ni kumtwisha maiti mzigo. Lilikuwa limekwisha kuumwa na wizi wa nakala, kisha zikaja simu zenye kuonyesha picha, na vile vibanda vya kukodisha vikageuka kuwa vya kuuza vocha na chaja. Wachezaji wamerudi kule kule alikoanzia yeye, kwenye michezo ya televisheni yenye sehemu nyingi. Na majina nayo yamerudi. Huba ilianza mwaka 2017, Jua Kali mwaka 2021, na zote mbili zimetazamwa sana hapa Mombasa bila ya mtu kuvaa suti mlangoni. Huwa nazitazama na wajukuu wa shangazi yangu. Akitokea mzee wa makamo, baba wa bi harusi au mume aliyerudi safari na siri zake, nafanya hesabu ya umri bila kutaka. Aliyezaliwa 1984 angekuwa amefika hapo. Angekuwa sasa anapewa sehemu za mababa, na ile sauti isiyopanda upesi ingekuwa imepata mvi zake.